Kisasi cha Corcyra, Kiapo cha Athens

Mwaka 1629 Mwingereza Thomas Hobbes alichapisha tafsiri ya kitabu cha Thucydides, jemadari wa Athens aliyeandika historia ya vita vya mji wake na Sparta, vita vilivyoanza 431 KK na kwisha 404 KK. Wakati huo Hobbes hakuwa bado na jina la mwanafalsafa. Miaka kumi na mitatu baadaye nchi yake ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1649 Mfalme Charles wa Kwanza akakatwa kichwa hadharani, na mwaka 1651 Hobbes akatoa Leviathan, kitabu kinachodai kwamba watu wasio na mamlaka ya kuwatia hofu wote kwa pamoja huishi kwa kuwindana. Vyanzo vitatu vya ugomvi anavyovitaja, yaani kugombea mali, kutoaminiana na kutaka sifa, vinafanana mno na vile vitatu ambavyo Thucydides aliwawekea kinywani wajumbe wa Athens walipokuwa wakiutetea utawala wao mbele ya Wasparta: hofu, heshima na faida. Tangu hapo mwanahistoria huyo amekuwa akiitwa kizimbani, kizazi baada ya kizazi, atoe ushahidi kwamba binadamu ni mnyama mkali aliyefungwa kamba ya sheria. Mimi nasema ameitwa kutoa ushahidi ambao hakuutoa. Ukikisoma kitabu chake hadi mwisho, kisha ukafuatilia yaliyoupata mji wake baada ya kalamu yake kukoma, unaona jambo jingine: asili ya binadamu ipo, haibadiliki kwa urahisi, lakini kwa kuwa haibadiliki, yenyewe peke yake haiwezi kutueleza kwa nini watu wale wale leo wanachinjana na kesho wanasameheana.

Tuanze na ukurasa unaotajwa kuliko yote, ule wa kisiwa cha Corcyra mwaka 427 KK. Kisiwa hicho kilikuwa na manowari nyingi, na kilikuwa upande wa Athens. Korintho, adui yake wa siku nyingi, ilikuwa imewakamata raia wa Corcyra wenye vyeo katika vita vya awali. Haikuwaua, wala haikuwauza. Iliwatunza vizuri, kisha ikawarudisha kwao kwa masharti ya siri kwamba waugeuze mji. Waliporudi wakamshitaki Peithias, kiongozi wa upande wa umma, kwamba anataka kuwatia watu utumwani mwa Athens. Akashinda kesi, naye akawashitaki matajiri watano kwa kukata miti ya kuegemeza mizabibu katika ardhi takatifu. Faini ilikuwa kubwa mno. Walipoona hawana njia, na Peithias anaelekea kuuvuta mji katika mkataba kamili na Athens, wenzao wakaingia katika Halmashauri na majambia, wakamuua yeye na wengine wapatao sitini. Hapo ndipo vita vilipowaka mitaani. Kila upande uliwatangazia watumwa uhuru, na wengi wao wakajiunga na umma. Matajiri nao wakaleta askari 800 wa kukodiwa kutoka bara. Wanawake walipanda juu ya nyumba na kurusha vigae.

Kuna jambo hapa ambalo wanaoutumia ukurasa huu kuihukumu asili yetu huliruka. Siku iliyofuata ushindi wa umma, kamanda wa Athens aitwaye Nicostratus alifika na manowari kumi na mbili na askari 500, akajaribu kupatanisha. Alipendekeza watu kumi tu walioongoza njama washitakiwe, na wengine wote waishi pamoja kwa mapatano. Pande zote mbili zilikubali. Makubaliano hayo yalivunjwa na hofu, kisha na meli. Kwanza likaja kundi la manowari 53 za upande wa Sparta na kuutia mji kiwewe. Lilipoondoka kwa kusikia kwamba manowari 60 za Athens zinakuja, umma wa Corcyra ukajua kwamba sasa hauna wa kuuzuia. Eurymedon, jemadari wa zile manowari sitini, alikaa bandarini siku saba, na kwa siku zote saba mauaji yakaendelea mbele ya macho yake. Watu kama hamsini waliokuwa wamekimbilia hekalu la Hera walishawishiwa watoke washitakiwe, na wote wakahukumiwa kifo. Waliobaki ndani walipoona hayo wakauana wenyewe kwa wenyewe, wengine wakajinyonga kwenye miti. Wengine mjini waliuawa na wadeni wao, na baba alimuua mwanawe. Corcyra mbili zimo katika hadithi moja: ile iliyokubali mapatano ya Nicostratus, na ile iliyoua mbele ya Eurymedon. Zilitenganishwa na siku chache tu, na asili ya watu wake haikubadilika katika siku hizo.

Thucydides mwenyewe aliliona hilo. Katika tafakuri yake juu ya Corcyra anasema kweli kwamba maafa ya namna hii yatarudi maadamu asili ya binadamu ni ile ile, na sentensi hiyo ndiyo inayonukuliwa. Lakini hapo hapo anaongeza kwamba yatakuwa makali zaidi au mapole zaidi, na ya sura tofauti, kwa kadiri hali zinavyobadilika. Kwamba wakati wa amani na neema, miji na watu huwa na nia njema zaidi kwa kuwa dhiki haijawabana. Na kwamba vita, kwa kuwanyang'anya watu riziki ya kila siku, huwafundisha ukatili kwa nguvu. Huo si usemi wa mtu anayedhani ameuona moyo wa binadamu ukiwa uchi. Ni usemi wa mtu anayetafuta sababu. Mwalimu anapomfundisha mwanafunzi jambo, hatusemi mwanafunzi alizaliwa nalo; tunasema alikuwa na uwezo wa kufundishika.

Mwaka ule ule Athens ilijaribiwa. Mji wa Mytilene, katika kisiwa cha Lesbos, ulikuwa umeasi, na sasa ulikuwa umesalimu amri. Mkutano wa raia wa Athens, katika hasira yake, ulipiga kura kuwaua wanaume wote wazima na kuwauza wanawake na watoto, na manowari ikatumwa kupeleka amri. Asubuhi watu wakaanza kuona uzito wa walichokifanya. Mkutano ukaitishwa tena. Mwanasiasa Cleon akasimama kudai amri ibaki. Akajibiwa na Diodotus, mtu ambaye hatumjui kwa lolote jingine. Hotuba yake kama Thucydides alivyoiandika ndiyo inayonifanya niamini kwamba hoja ya asili imegeuzwa kichwa chini na waliokuja baadaye, kwa maana Diodotus naye anaanza na asili ya binadamu. Anasema watu wote, mmoja mmoja na katika miji, wana asili ya kukosea, na hakuna sheria wala adhabu iliyowahi kuwazuia wasithubutu. Lakini hitimisho lake ni kinyume kabisa cha linalotarajiwa: kwa kuwa ndivyo tulivyo, adhabu ya kuangamiza wote ni upumbavu, maana inamfungia mwasi mlango wa kujuta. Kura zilikaribiana sana, na Diodotus akashinda. Manowari ya pili ikatoka ikiwa nyuma kwa kama siku moja na usiku wake, wapiga makasia wakila unga wa shayiri uliokandwa kwa divai na mafuta bila kuacha makasia, wakilala kwa zamu. Ilifika amri ikiwa imekwisha kusomwa na ikikaribia kutekelezwa. Tusilipambe tukio hili: viongozi wa uasi waliotumwa Athens, ambao Thucydides anawahesabu zaidi kidogo ya 1,000, waliuawa. Lakini mji uliokolewa. Hakuna sheria iliyowalazimisha wale raia kukutana tena, wala jeshi lililowatisha. Majuto yao yalikuwa asili ya binadamu vile vile kama hasira yao ya jana, na kilichoyapa nafasi ni mahali pa kusema tena na usiku mmoja wa kufikiri.

Miaka kumi na moja baadaye, katika Melos, nafasi hiyo haikuonekana. Manowari 38 za Athens na washirika wake zilikizingira kisiwa hicho kidogo ambacho hakikutaka kuwa upande wake, na mazungumzo aliyoyaandika Thucydides yakafanyika faraghani, mbele ya wakuu wachache wa Melos, si mbele ya umma. Humo wajumbe wa Athens wanatoa kauli mashuhuri kwamba miungu na watu, kwa lazima ya maumbile, hutawala popote wanapoweza. Melos ilianguka katika kipupwe cha mwaka 416 kuingia 415 KK. Wanaume waliokamatwa wakauawa, wanawake na watoto wakauzwa, na walowezi 500 wakapelekwa. Angalia nani anayesema kwamba maumbile ndiyo yanayolazimisha: ni yule aliyekuja na meli. Thucydides hasemi hayo kwa sauti yake. Anawaachia wayaseme, kisha sehemu inayofuata ya kitabu chake inasimulia jinsi watu hao hao walivyotuma jeshi kubwa Sicily na likaangamia. Wala Athens yote haikukubali kimya kimya. Masika ya mwaka 415 KK, miezi michache baada ya Melos, Euripides alipandisha jukwaani, mbele ya wananchi wenzake, mchezo wake wa Wanawake wa Troya, ambamo Wagiriki washindi wanagawana wajane na kumtupa mtoto kutoka juu ya ukuta. Hakuitaja Melos. Alipewa nafasi ya pili katika mashindano.

Atakayenipinga atasema kwamba nimechagua. Kwamba Mytilene ni kinyago na Corcyra ni uso. Kwamba sheria, mikutano na tamthilia ni vazi tu, na ukitaka kumjua mtu mvue vazi. Hoja hii ina nguvu, na si ya Hobbes peke yake. Ibn Khaldun, katika Muqaddimah aliyoiandika mwaka 1377, alifundisha kwamba uadui umo katika tabia ya watu na kwamba lazima awepo mmoja mwenye nguvu wa kuwazuia wasidhulumiane. Na leo wenye hoja hii wanaweza kutuonyesha mifupa. Huko Nataruk, magharibi ya Ziwa Turkana nchini Kenya, watafiti walikuta mabaki ya watu wasiopungua 27 walioishi kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, wawindaji na wavuvi wasio na mfalme wala mji. Katika taarifa waliyoichapisha mwaka 2016 walieleza mafuvu yaliyopasuliwa, ncha ya jiwe iliyokwama katika fuvu, na mwanamke mjamzito aliyeelekea kuwa alifungwa mikono na miguu. Wapo wataalamu waliotilia shaka usomaji huo, ila mimi naukubali. Rousseau, aliyeandika mwaka 1755 kwamba mtu wa mwanzo aliishi kwa upole hadi mali na ubaguzi vilipomharibu, angepata shida kuyaeleza mafuvu hayo. Lakini Nataruk inathibitisha nini hasa? Inathibitisha kwamba uwezo wa kuua kwa pamoja ni wa kale. Haithibitishi kwamba kila waliokutana kando ya ziwa lile waliuana, na kama wangefanya hivyo tusingekuwepo. Hobbes na Rousseau wamekosea mahali pamoja: wote wawili wanamtafuta binadamu wa kweli kabla ya jamii, kana kwamba kuna siku alipokuwa hana lugha, hana jamaa, hana mazishi. Vazi wanalotaka kulivua ni ngozi.

Ushahidi ulio mkubwa kuliko wote uko mahali ambapo Thucydides hakufika, kwani masimulizi yake yanakatika katika mwaka 411 KK. Athens ilishindwa mwaka 404. Kwa msaada wa Sparta, watu thelathini wakashika utawala, mkali wao akiwa Critias, jamaa ya mama yake Plato. Waliandika orodha ya raia 3,000 wenye haki, wakawanyang'anya wengine silaha, na katika miezi michache wakaua watu wasiopungua 1,500, wengine kwa sababu ya siasa, wengine kwa sababu ya fedha zao. Walioponea wakakimbilia Thebes, Megara na kwingineko. Mmoja wao, Thrasybulus, akarudi na watu kama sabini, akaiteka ngome ya Phyle, kisha akashuka hadi bandari ya Piraeus, na katika mapigano ya huko Critias akauawa. Kila kitu kilichokuwepo Corcyra kilikuwepo hapa: matajiri dhidi ya umma, dola za nje zikivuta kila upande, ndugu waliouawa, mali zilizoporwa, watumwa na wageni waliopewa silaha. Damu iliyokwisha kumwagika Athens ilikuwa nyingi kuliko ile ya wale sitini katika Halmashauri ya Corcyra. Anayeamini kwamba asili inatosha kueleza, angetabiri hekalu la Hera jingine.

Badala yake, maiti zikiwa bado uwanjani, mtu mmoja wa upande wa Thrasybulus aliyeitwa Cleocritus, mpiga mbiu wa ibada za Eleusis, alisimama na kuwasemesha maadui. Mwanahistoria Xenophon ametuhifadhia maana ya maneno yake: kwa nini mnatufukuza, sisi tulioshiriki nanyi sadaka na sikukuu, tuliocheza ngoma pamoja, tuliosoma pamoja, tuliopigana bega kwa bega nchi kavu na baharini? Watu wa upande wa pili wakaondolewa haraka na viongozi wao wasije wakasikia zaidi. Baadaye Pausanias, mfalme wa Sparta, akaja na jeshi, na mwaka 403 mapatano yakafungwa. Kila raia aliapa kutomlipizia mwenzake maovu yaliyopita, isipokuwa wale Thelathini wenyewe na maofisa wachache waliowatumikia kwa karibu, na hata hao waliruhusiwa kubaki wakikubali kutoa hesabu ya matendo yao. Asiyeweza kustahimili kuishi na waliorudi alipewa ruhusa ya kuhamia Eleusis na mali yake. Deni ambalo Thelathini walilikopa Sparta ili kupigana na wananchi wao lililipwa na mji mzima, wakiwemo wale waliopigwa kwa fedha hiyo. Yaliyopita si ndwele, tungesema sisi. Lakini wao hawakuacha jambo hilo mikononi mwa methali. Walitunga utaratibu wa mahakama uliomwezesha mtu aliyeshitakiwa kinyume cha kiapo kuweka pingamizi kwanza, na aliyeshindwa katika pingamizi alitozwa sehemu ya sita ya kiasi kilichodaiwa. Mtu wa kwanza aliyeanza kufukua makaburi alikamatwa na mwanasiasa Archinus, akapelekwa mbele ya Halmashauri na kuuawa bila kesi. Ni tendo linalochukiza, kulinda msamaha kwa mauaji, na silitetei. Linaonyesha tu kwamba waliouanzisha hawakudhani hata siku moja kwamba watu ni wema. Waliijua asili ya wenzao kama Hobbes alivyoijua, na wakajenga kwa kuizingatia.

Wengine watajibu kwamba haya yote yalikuwa kazi ya mkuki wa Sparta. Ni kweli Pausanias alisimamisha vita, na tofauti kati yake na Eurymedon ni kubwa: mmoja alitumia jeshi lake kupatanisha, mwingine alilitumia kutazama. Lakini ni Sparta hiyo hiyo iliyowaweka Thelathini madarakani, na mwaka 395 KK Athens ilikuwa tayari vitani tena na Sparta, bila mlinzi wa nje wa mapatano yale. Kiapo hakikuvunjika. Pingamizi ninaloliona zito zaidi ni lile la gharama. Lysias, mgeni mkazi aliyekuwa na kiwanda cha ngao, alinyang'anywa mali, na kaka yake Polemarchus akalazimishwa kunywa sumu. Alitoa fedha na ngao kuwasaidia waliorudi. Thrasybulus alipopendekeza watu kama yeye wapewe uraia, ni Archinus yule yule aliyelipinga azimio mahakamani, na likafutwa. Amani ilifungwa baina ya raia, na waliokuwa nje ya uraia wakalipia sehemu yake. Mwaka 401, majemadari wa waliohamia Eleusis walipokuja kwa mazungumzo, waliuawa. Kisha jamaa zao wakatumwa kuwasihi waliobaki wapatane. Na mwaka 399 Socrates alihukumiwa kifo, mmoja wa washitaki wake akiwa Anytus aliyepigana pamoja na Thrasybulus. Zaidi ya nusu karne baadaye msemaji Aeschines aliwakumbusha mahakimu, kama jambo linalojulikana, kwamba mji ulimuua Socrates kwa kuwa alimfundisha Critias. Kinyongo hakikufa. Lakini hata kikiwa hai kilibidi kitafute shitaka jingine, kwa maana kiapo kiliyafungia mashitaka ya enzi ya Thelathini. Barua ya saba inayohesabiwa kuwa ya Plato, mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuwachukia waliomuua mwalimu wake, inakiri kwamba waliorudi kutoka uhamishoni walijizuia sana.

Linabaki pingamizi moja, kwamba Waathene walikuwa watu wa pekee, waliolelewa na mahakama, falsafa na jukwaa. Aeschylus alikuwa amewaonyesha tangu mwaka 458 KK, katika tamthilia zake tatu za Oresteia, jinsi mnyororo wa kisasi wa ukoo mmoja unavyokatwa na baraza la mahakimu, na bila shaka malezi hayo yalikuwa na kazi yake. Basi turudi Corcyra. Mwaka 425 KK matajiri waliokuwa wamejificha mlimani walisalimu amri kwa Athens kwa ahadi ya kuhukumiwa, wakakabidhiwa kwa wenzao, wakapitishwa kati ya safu mbili za watu wenye silaha na kuchomwa mikuki. Thucydides anasema ugomvi ulikwisha kwa kuwa upande mmoja haukubaki na watu wa kutajwa. Haukuwa umekwisha. Mwaka 410, kwa masimulizi ya Diodorus wa Sicily, ulizuka tena, watu wengi wakauawa, na zaidi ya elfu wakafukuzwa wakakimbilia bara ng'ambo ya maji. Siku chache baadaye wenzao waliobaki wakaliteka soko na kuwaita warudi. Wakapigana siku nzima. Usiku ulipoingia pande zote mbili zikaanza kuzungumza, zikapeana ahadi, zikakubali kuishi pamoja katika mji mmoja, ingawa mapatano hayo nayo hayakuwa ya milele. Hawakuwa na Euripides. Walikuwa watoto na wadogo wa wale waliouana katika hekalu la Hera, katika kisiwa kile kile.